Wingu la Chini

Daktari Chaula alikuwa ameshauliza swali, na Mzee Ambakisye alikuwa ameshafungua mdomo ili ajibu, Tusekile alipoingia wodini na chupa ya uji.

Hakukusudia. Muuguzi wa mlangoni alimwambia kwamba mzee amelala. Mzee alipomwona alifunga mdomo, akageuzia uso ukutani na kuvuta shuka hadi begani. Tusekile naye, bila hata kufikiri, alishusha kanga usoni, akarudi kinyumenyume hadi nje ya pazia, akasimama hapo na chupa yake mkononi. Ndivyo walivyoishi kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipoolewa Isongola. Mkamwana hatazamani na baba mkwe wake, hazungumzi naye, hakai naye chumba kimoja. Gwamaka, mume wake, alikuwa amefariki miaka minne nyuma, lakini kufiwa na mume hakumwondolei mtu baba mkwe.

Nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Kisha akasikia sauti ya Mwenza.

"Sekunde arobaini zimepita," Mwenza alisema kutoka kwenye bangili ya kijivu iliyokuwa mkononi mwa mzee. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. "Mhusika hakujibu. Ana miaka sabini na mitatu. Kwa mamlaka niliyopewa, naamua kwa niaba yake. Mguu ukatwe Alhamisi, saa nne asubuhi."

"Hapana," mzee aliuambia ukuta.

"Jibu limekuja baada ya muda. Pole sana, mzee wangu."

Pazia lilifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Subilaga, binti wa mzee, mwanamke mnene aliyeweza kugombana na foleni nzima bila kuchoka.

"Wifi! Umeingia kufanya nini?"

"Nimeambiwa amelala."

"Amelala! Baba yangu alale wakati kuna mtu anataka kumkata mguu? Yeye gogo?" Alishika kiuno. "Jana nzima alikuwa analisema hilo jibu. Aliniambia, huu mguu nimekaa nao miaka sabini na mitatu, sitaki uzikwe kabla yangu. Sasa leo linataka kutoka, wewe huyo na uji wako!"

Daktari Chaula alitoka nyuma yake akifuta miwani. "Mama, msigombane. Kidonda kimefika mfupani. Akikatwa anaweza kuishi miaka. Asipokatwa ni wiki chache, na zitakuwa za maumivu. Mimi mwenyewe ningemshauri akatwe." Alivaa miwani. "Lakini ningemshauri tu, neno liwe lake. Sasa sheria mnaijua. Aliyetimiza sitini na minane asipojibu ndani ya sekunde arobaini, kwenye matibabu, ardhi na safari, neno la mwisho ni la Mwenza. Labda Taasisi ya Maamuzi ikubali apimwe upya, na sijawahi kuona ikikubali."

Tusekile alikuwa akitazama ukuta wa korido.

Pale ilitundikwa ile picha, kama ilivyotundikwa katika kila hospitali na kila ofisi ya kata ya nyanda za juu. Ilikuwa na mstari mmoja mwekundu. Ulitoka kushoto umenyooka, na ulipofika karibu na umri wa miaka sitini na minane uliporomoka hadi kwenye sakafu ya picha. Watu waliuita Mteremko. Mtu akisahau funguo zake, wenzake walimtania, "Umeanza Mteremko, ndugu yangu."

Tusekile ndiye aliyeuchora.

Sekunde arobaini, aliwaza. Alikuwa amesimama mlangoni kwa sekunde ngapi? Na mzee alisubiri sekunde ngapi baada ya pazia kutulia, ili awe na hakika kwamba mkamwana ameondoka? Aliketi kwenye benchi chini ya picha yake mwenyewe, na uji ukaanza kupoa.

*

Miaka sita kabla ya siku ile, Taasisi ya Maamuzi ilitaka kujua uwezo wa mtu wa kuamua unabadilikaje kadiri anavyozeeka. Ilitengeneza kioo cha ukubwa wa kitabu. Kioo kiliuliza na mtu alijibu kwa kugusa. Utapanda mbegu hii au ile? Utashika njia fupi yenye matope au ndefu iliyo kavu? Utakunywa dawa yenye nafuu ndogo ya hakika, au yenye nafuu kubwa ya kubahatisha? Kilipima sekunde alizotumia, kikatazama kama majibu yake ya mwisho yanapatana na ya mwanzo, kikatoa alama kati ya mia.

Wapimaji wengi walichukuliwa vijijini humo humo, wanawake walioolewa pale, kwa sababu wao ndio hujua nani anakaa wapi na nani kaenda shambani. Tusekile alikuwa tayari mtumishi wa Taasisi, mchoraji wa grafu. Wapimaji walipopungua alijitolea kwenda Isongola, kijijini kwa mume wake.

Alipima kama mkamwana anavyoweza kupima. Baba mkwe si mmoja tu. Kila mwanamume wa rika la baba wa mume wako ni mkwe. Alifika uani, akapiga magoti mbali, akaweka kioo juu ya kigoda, akakiwasha, akaenda nyuma ya nyumba. Mzee alingoja hadi nyayo zake zisisikike. Ndipo alipogeuka na kukitazama kioo. Kama hakuelewa swali, hakuwa na wa kumwuliza. Mara nyingine aliona upindo wa kanga ukipita kwenye kona, akakiacha kioo, akageukia migomba hadi njia iwe nyeupe. Na kioo kilikuwa kinahesabu. Kilihesabu kila kitu, kwani hakikujua mkamwana ni nani.

Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kuandika jambo lolote lisilo la kawaida. Aliiacha tupu. Kwake hakukuwa na lisilo la kawaida. Aandike nini, kwamba jogoo waliwika?

Takwimu zilipokusanywa zilikuwa za watu elfu moja mia moja na arobaini, kila mtu nukta moja. Tusekile alizimwaga kwenye skrini, na akakaa akizitazama. Hadi kwenye umri wa miaka sitini hivi zilikuwa wingu moja, juu, kwenye alama themanini na kitu. Baada ya hapo lilitokea wingu la pili, chini kabisa, kwenye alama arobaini na sita hivi. Katikati ya mawingu hayo palikuwa peupe, kama kati ya koo mbili zilizogombana.

Alimpelekea mkuu wake, Profesa Asajile, mtu mcheshi aliyependwa na kila aliyefanya naye kazi.

"Hii nini, dada Tuse?"

"Ndivyo zilivyo, Profesa."

"Waheshimiwa wa Baraza wana dakika tano. Ukiwaonyesha mawingu watauliza kama kutanyesha." Walicheka wote wawili. "Nipe mstari, mama. Mstari mmoja."

Baadaye alikuja kukumbuka kicheko kile kuliko kitu kingine chochote.

Alimpa mstari. Alichukua wastani, na kwa wenye miaka sitini na minane kwenda juu wastani ulikuwa sabini na moja. Hakukuwa na mzee hata mmoja pale kwenye sabini na moja. Mstari ulipita katikati ya mawingu mawili, mahali pasipokaa mtu, na ukapewa jina la watu wote.

Profesa alisema mstari umelala. Kweli, kwenye karatasi inayoanza sifuri hadi mia, kushuka kutoka themanini na mbili hadi sabini na moja ni mwinamo ambao mtu anayepita hauoni. Basi Tusekile alikata mhimili chini. Akauanzisha sabini, akaumalizia themanini na tatu, na alama zile zile kumi na moja zikajaza ukurasa kutoka dari hadi sakafu. Akaondoa vile vijiti vya kuonyesha mtawanyiko, maana Profesa alisema vinafanana na jukwaa la mafundi rangi. Akaupaka mstari rangi nyekundu. Ile sabini ya chini aliiandika kwa herufi ndogo.

Hakuna namba iliyokuwa ya uongo. Alijiambia hivyo siku ile, na akajiambia tena siku sheria ilipopita na bangili zikaanza kugawiwa.

*

Siku iliyofuata alifika ofisini mapema, akafungua nukta za zamani. Kila nukta ilikuwa na namba ya mpimaji wake. Waliopimwa na mgeni, pamoja na wanawake na vijana wote, aliwapaka bluu. Wanaume wa rika la wakwe waliopimwa na mkamwana wa kijijini kwao aliwapaka rangi ya chungwa.

Wingu la juu likawa karibu lote bluu. Wingu la chini likawa la chungwa, ila nukta kumi na tisa za bluu zilizotawanyika ndani yake.

Profesa Asajile aliitazama skrini muda mrefu bila kukaa. Ucheshi ulimtoka, akaonekana mzee.

"Umejua lini?"

"Jana, wodini. Mkwe wangu alinyamaza kwa sababu niliingia."

"Na hizi kumi na tisa?"

"Hao kweli akili imewapungukia. Wangepimwa na yeyote wangekuwa pale."

Profesa alivuta kiti. "Mama yangu ni mmoja wao. Unamjua. Anawasha jiko anasahau, Mwenza anazima. Mwaka juzi mpwa wake alimletea karatasi atie dole gumba, shamba liende. Mwenza akakataa. Kama si bangili ile, mama leo angekuwa analala kwa majirani." Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Ukienda na picha hii mbele ya Baraza, watafungua bangili zote. Zote, Tuse. Hawatachambua nani afunguliwe na nani abaki. Mimi na wewe tuliwazoesha mstari. Ukiwapa mstari wanaufuata, ukiuvunja wanakimbia."

"Kwa hiyo hawa wa chungwa wabaki hivyo hivyo?"

"Tutapima upya, taratibu. Miaka miwili, mitatu."

"Wana sabini na kitu, Profesa. Miaka mitatu kwao ni mingi."

"Najua."

"Na mkwe wangu ni kesho."

Profesa alifumba macho, akayafumbua. "Baraza linakaa baada ya wiki tatu. Hata ukiliendea, yeye atakuwa ameshakatwa. Lakini naweza kumpima upya leo mchana. Nitamtuma karani mwanamume. Ila lazima niandike sababu, na ninayoweza kuiandika ni moja: kioo alichopimiwa yeye kilikuwa kibovu. Hicho kimoja. Na wewe uliyechora usaini kwamba picha iliyobaki ni sahihi."

"Na nikisema baadaye?"

"Ruhusa yake itafutika siku hiyo hiyo, na bangili itarudi. Wewe utakuwa umetoa maneno mawili yanayopingana, na hakuna atakayelisikiliza hata moja."

Tusekile aliitazama skrini. Nukta hazina sura, ndiyo maana mtu anaweza kuzitazama. Ila thelathini na nane kati ya zile za chungwa zilikuwa za Isongola, na zile alizijua kila moja kwa ua wake, kwa kigoda chake, kwa mbwa wake. Aliwaza mguu. Aliwaza Subilaga akishika kiuno. Aliwaza mama wa Profesa mbele ya jiko.

Alisaini kwa mwandiko wake mzuri, ule uliomfanya apewe kazi ya kuchora grafu.

"Si dhambi, Tuse," Profesa alisema. "Ni mtu wako."

Tusekile alizifuta rangi, akazirudisha nukta zote kuwa nyeusi.

*

Mzee Ambakisye alipata alama themanini na nane. Alikuwa mwonja chai kiwandani kwa miaka thelathini, vikombe mia mbili kila asubuhi, kila kimoja neno moja: hii safi, hii imeungua, hii rudisha. Maswali ya kioo aliyajibu kwa sekunde tatu tatu.

"Halafu akamwuliza yule karani," Subilaga alisimulia akicheka hadi machozi, "kama amebakiwa na ya darasa la pili, maana haya ya chekechea yamekwisha!"

Bangili ilifunguliwa. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, kama ya mahali palipofungwa plasta. Daktari Chaula aliuliza swali lake tena. Safari hii Tusekile alikuwa mbali, kwenye bomba la uani, akisuuza chupa isiyo chafu.

"Sikatwi," mzee alisema. "Nirudisheni nyumbani."

Aliishi siku kumi na tisa. Walimwekea kitanda ukumbini, na Tusekile akawa anapitia mlango wa nyuma ili asimkwaze. Kutoka jikoni alisikia kila kitu. Subilaga alikwenda kwa majirani akaomba chai kidogo kidogo, kila nyumba yake, na mzee akawa anaonja na kutoa hukumu. "Hii aliyeichuma alikuwa na hasira. Hii imekaa karibu na mafuta ya taa. Hii ya nani? Mwambieni ahame kijiji."

Rafiki yake, Mzee Mwasomola, alikuja kila siku. Waliajiriwa kiwandani mwezi mmoja, mmoja akionja, mwingine akisimamia ufungaji wa magunia. Ikifika saa tisa bangili ya Mwasomola ilimkumbusha kwamba ni muda wa kurudi, naye aliinuka papo hapo.

"Nenda, nenda," Mzee Ambakisye alimtania. "Mke mdogo anaita. Ana wivu huyo."

"Wewe cheka," Mwasomola alisema, na hakuwa anatania. "Wewe kichwa bado unacho. Mimi changu kilikwisha, picha ilionyesha. Bora nina wa kunishika mkono."

Jikoni, Tusekile aliacha kisu juu ya viazi.

Maumivu yalikuja kama daktari alivyosema. Mzee alilia mara mbili, na mara zote mbili hakusema kwamba amejuta. Siku ya kumi na saba Subilaga aliingia jikoni na macho mekundu.

"Wifi, baba anasema ndaga. Anasema asante, mwambie mkwe amenipa siku zangu." Alimshika bega. "Mimi nilikugombeza bure siku ile. Sijui ulizungumza na wakubwa gani, lakini Mungu akubariki."

Tusekile aliinama juu ya sufuria. Alitaka kumwambia mzee bei ya zile siku, kisha atoe shukrani zake au azirudishe. Lakini utamwambiaje mtu ambaye husemeshani naye? Na neno lile lisingeweza kupita mdomoni mwa Subilaga. Hivyo ndivyo alivyojieleza. Siku mbili baadaye mzee alifariki asubuhi, kikombe kikiwa bado cha moto, na maelezo yale yakabaki naye.

*

Walimzika saa nane. Watu walipanga mstari kutupa udongo, wazee mbele. Mzee Mwasomola alikuwa wa nne. Alikuwa ameshachota udongo mkononi wakati bangili ilipozungumza, kwa sauti iliyosikika na waliokuwa karibu.

"Mvua itafika baada ya dakika ishirini na tano. Njia itateleza. Tuondoke sasa, mzee wangu."

Mwasomola alitazama kaburi. Alitazama bangili. Watu watatu tu mbele yake. Kisha aliufungua mkono, udongo ukaanguka pale pale aliposimama, akajitoa kwenye mstari na kushika njia ya mashamba ya chai. Hakuna aliyeshangaa. Wakati huo hakuna aliyeshangaa tena.

Tusekile alikuwa na wanawake, upande wa pili. Baraza lilikuwa linakaa baada ya siku mbili. Ruhusa aliyoinunua haikuwa na mtu tena wa kufutiwa. Alijua hilo tangu asubuhi, na tangu asubuhi alikuwa akipika, akifagia, akipokea wageni, akifanya kila kazi isiyokuwa ile moja.

Aliinuka. Mtu alimwita, hakugeuka. Alimfikia Mzee Mwasomola kwenye kona ya njia, palipo na tuta la chai.

"Baba."

Mwasomola aligeuzia uso pembeni haraka. "Mkwe? Vipi? Kuna mtu kaanguka?"

"Hakuna. Nakusemesha mimi. Nisamehe kwa hilo kwanza, halafu nisikilize."

Mzee hakuondoka. Hakumtazama pia.

"Unakumbuka siku niliyoleta kioo kwako?"

"Nakumbuka. Nilishindwa."

"Hukushindwa, baba. Ulikuwa unangoja niondoke. Kioo kikahesabu kule kungoja kwako kuwa ni kushindwa. Sikuandika. Nilikuwa napiga magoti kwenye ua wako na sikuandika. Halafu nikaichora ile picha. Ile ya mstari mwekundu ni kazi ya mkono wangu."

Chai ilitikisika kwa upepo. Mzee alikaa kimya muda ambao Mwenza angeuhesabu, na labda aliuhesabu.

"Swali la kwanza lilikuwa la mbegu," alisema polepole. "Nililijua jibu kabla sijafika mwisho wa kulisoma. Nikaona kanga yako kwenye banda la ng'ombe, nikageuka." Alipapasa bangili. "Kwa hiyo sikuwa mjinga."

"Hukuwa, baba."

"Miaka mitano naulizwa nivae sweta lipi, nasema sijui. Wanangu wananiuliza, baba unaonaje, nasema kiulizeni hiki." Aliuinua mkono wenye bangili. "Mke wangu alipougua, hiki kilisema tumtibie hapa hapa. Mimi nilitaka kumpeleka Mbeya. Nilitaka, mkwe. Moyo wote ulikuwa unasema Mbeya. Nikajiambia, wewe Mwasomola kichwa huna, usije ukamwua mtoto wa watu kwa ubishi."

Tusekile alipiga magoti kwenye matope. Samahani lilikuwa mdomoni mwake, na aliona aibu kulitoa.

"Ni mimi peke yangu?"

"Kwa mkono wangu ni thelathini na wanane. Wapo wa wapimaji wengine."

"Wanajua?"

"Hapana."

"Huyu tuliyemzika alijua?"

"Hapana, baba. Alinishukuru." Akamweleza yote, karani mwanamume, kioo kibovu kimoja, sahihi. Akamweleza na wale kumi na tisa. "Wapo ambao bangili inawalinda kweli. Nikisema, Baraza litafungua zote, na hao nao wataachwa. Ndilo lililonifunga mdomo."

"Ungeniuliza," Mwasomola alisema. "Ulikaa na Profesa wako mkapima mnifungue au mnifunge. Mimi mngeniuliza. Hata hao wagonjwa nisingekosa la kusema juu yao. Ni wenzangu."

"Dakika kumi na mbili," Mwenza alisema. "Tuendelee kutembea, mzee wangu."

Mzee aliketi juu ya tuta. Alikunja miguu taratibu kama mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Tusekile aolewe Isongola, mzee wa rika lile alimtazama usoni.

"Wataje."

"Baba, mkamwana hatamki majina ya wakwe."

"Mkamwana hanitazami pia, na wewe unanitazama. Nataka kuwajua. Nitapita nyumba kwa nyumba, na keshokutwa tutakwenda wote huko kwenye Baraza lenu, wenye akili na wasio nayo. Wataje."

Matone ya kwanza yalianguka kwenye majani ya chai. Bangili ilianza kulia, mlio mfupi mfupi, na mzee aliifunika kwa kiganja cha mkono wa pili.

Tusekile alifungua mdomo mara mbili kabla jina halijatoka. Lilikuwa jina alilokuwa ameliandika mara nyingi na hajawahi kulisikia kwa sauti yake mwenyewe.

"Ambakisye," alisema.

Mwasomola alitikisa kichwa. Alingoja kidogo, mvua ikimpiga mabegani.

"Huyo tumechelewa," alisema. "Wa pili."